Bibi, ngoma nimeikuta Jambur

Rajkot, Gujarat
Novemba 2025

Bibi yangu mpenzi, Baba, Mama na wote nyumbani,

Assalamu alaykum. Mie mzima, namshukuru Mungu, na homa iliyonishika mwezi uliopita imekwisha. Kijibaridi kimeanza kuingia, asubuhi naoga maji ya moto. Diwali ilikuwa tarehe 20 Oktoba lakini watoto wa mtaani kwetu bado wanamalizia fataki zao, kila jioni ni mlio tu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu haya ni marefu, na Bibi simu haisikii vizuri. Mdogo wangu, msomee polepole, na usiruke.

Bibi, siku ile nilipokwambia darasani nina rafiki ambaye nikimtazama namuona binamu yangu wa Makunduchi, ulinyamaza kidogo, kisha ukaniuliza, "Huyo mtu wa wapi?" Nikakujibu Mhindi. Ukaniambia nisikufanyie mzaha. Sikufanya mzaha, Bibi. Likizo ya Diwali kanichukua kwao, nimelala siku nne, na sasa nakueleza nilichokiona.

Kwao ni kijiji kinaitwa Jambur, karibu na mji wa Talala, pembeni ya msitu wa Gir. Tulipanda basi la serikali mpaka Junagadh, tukabadilisha, na mwisho tukapanda kile wanachokiita chhakdo: mbele pikipiki, nyuma bodi ya kubebea watu, inakwenda kwa kelele na moshi. Niliposhuka nilisimama pale barabarani nisijue la kusema. Nywele zetu, pua zetu, kicheko chetu. Bibi mmoja kakaa kibarazani anachambua dengu, na wallahi kwa mkao ule ungedhani tuko kwetu. Akaniita. Nikaenda nikashika mkono wake. Akasema neno kwa Kigujarati, nikamjibu kwa Kihindi changu kibovu, na mdomo wangu ulikuwa umejaa Kiswahili kisicho na pa kwenda.

Hawa ndio Wasidi. Wapo hapa Gujarat, wapo Karnataka, wapo Hyderabad. Wazee wao walivuka bahari kwa karne nyingi kutoka pande zetu na kutoka Uhabeshi. Wengine walikuja askari, wengine mabaharia, na wengi walivushwa watumwa. Wapo waliopanda mpaka juu kabisa: Malik Ambar aliuzwa mtumwa akiwa kijana huko Uhabeshi, akafika India, na mwanzoni mwa karne ya 17 yeye ndiye aliyeshika dola ya Ahmadnagar na kuwatoa jasho majeshi ya himaya ya Mughal. Lakini wengi walibaki vibarua na walinzi wa wakubwa. Nilipokuwa nasoma shule, kila nikipita Mkunazini, Unguja mjini, pale palipokuwa na soko la watumwa mpaka 1873, nilifikiria waliopelekwa Arabuni. Hawa wa kusini mwa Gir hawakunijia akilini hata siku moja, wala mwalimu hakuwataja. Hilo linaniuma.

Lugha imepotea. Wanazungumza Kigujarati kama jirani yeyote. Kilichobaki kimejificha kwenye ngoma. Siku ya pili jioni tulikwenda kwenye kaburi la Nagarchi Pir, ambalo ndilo moyo wa kijiji. Nagarchi maana yake mpiga ngoma. Walii wao, Bibi, ni mpiga ngoma. Wanaume wakatoa ngoma, wakakaa, wakaanza taratibu kama watu wanaokumbushana jambo, halafu ikapanda. Wenyewe mchezo wanauita goma. Nikamwambia rafiki yangu kwetu tunasema ngoma, akawageukia wazee akawaambia, na mzee mmoja akapiga kofi hewani akacheka mpaka akakohoa. Wana ngoma nyingine jina lake musindo. Nilipolisikia nikakuona wewe na msondo wako kati ya mapaja, siku za harusi.

Katikati ya mchezo kijana mmoja akarusha nazi juu, akaipokea kwa utosi. Ikapasuka. Maji yakamtiririka usoni, na yeye akaendelea kucheza na vipande viko chini. Kando yangu alisimama mama wa Kihindu na sari yake ya kijani, kaleta nazi na mauaridi. Mwanawe aliumwa, akaweka nadhiri hapa, mtoto akapona, sasa amekuja kuiondoa. Hakuna aliyemuuliza dini yake. Akapewa tabaruku kama sisi.

Sasa simba. Wapo, Bibi, tena hawajafungiwa. Hao ndio simba pekee wa mwituni waliobaki nje ya Afrika. Zamani walienea kutoka Uarabuni na Uajemi mpaka katikati ya India, wakapigwa risasi wote isipokuwa wachache kabisa waliokuwa Gir, ambao Nawabu, mtawala wa Junagadh, alikataza wasiwindwe. Kutoka kwa hao wachache ndio wametoka wote wa leo. Mwaka 2010 walihesabiwa 411, mwaka 2020 walikuwa 674, na Mei mwaka huu wamefika 891. Zaidi ya nusu wanaishi nje ya hifadhi, mashambani, kwenye mabonde ya mito, na kwenye mashamba ya miembe, kwa sababu Talala ndiko inakotoka embe ya kesar, na kivuli cha mwembe simba anakipenda kama anavyokipenda binadamu.

Usiku wa kwanza nilimsikia. Nilidhani atanguruma kama kwenye televisheni. Kumbe ni mguno unaotoka chini, unarudiwa, unazidi kufupika, na kifua chako kinautambua kabla ya masikio. Bibi wa nyumba ile alitoka na tochi, akahesabu nyati wake zizini, wanne, akarudi kulala. Asubuhi mjukuu wake alinipeleka kisimani. Kisima kimejengewa ukuta mdogo, maana visima vya wazi vilikuwa vinaua simba wanaotumbukia usiku, na serikali ikaanza kuvizungushia kuta. Kwenye vumbi pembeni palikuwa na wayo mmoja, safi kabisa, hata mikunjo ya nyama ya chini inaonekana. Yule msichana akaweka kiganja chake juu yake. Kiganja kikapotea ndani.

Nyati akiliwa, idara ya misitu inakuja kupima na kulipa fidia. Fidia haimrudishii mtu maziwa ya kila siku, nao wanalisema hilo bila kuficha. Hata hivyo sikumsikia hata mmoja akisema simba wauawe. Nilipowaeleza kwamba Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani, walitaka kujua kitu kimoja tu: je, watu wanaoishi nao wanafaidika? Nilijibu nilivyojua, na sikuridhika na jibu langu.

Kuna jambo hapo ambalo mimi naona serikali ya huku imekosea. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi iliamuru simba kadhaa wahamishiwe hifadhi ya Kuno, jimbo la Madhya Pradesh, ili ugonjwa ukiingia Gir wasiangamie wote. Gujarat haikuwatoa. Mwaka 2018 ugonjwa wa virusi vya mbwa (si kichaa, huu wanauita canine distemper) ukaingia kweli, simba zaidi ya 20 wakafa ndani ya wiki chache. Na bado hawajahamishwa. Kuno yenyewe, mnamo Septemba 2022, ikapokea duma wanane kutoka Namibia, na Februari iliyofuata wengine 12 kutoka Afrika Kusini, kwa kuwa duma wa India walitoweka na kutangazwa wamekwisha mwaka 1952. Nawaombea duma wale maisha. Lakini simba ni wa watu wote wa nchi hii, na fahari ya jimbo moja isingewekwa mbele ya uhai wao.

Yule msichana wa kisimani ndiye ninayetaka mdogo wangu amsikie vizuri. Yuko darasa la 12, mchepuo wa sayansi, na Mei ijayo atafanya NEET, mtihani wa kuingilia udaktari. Nchi nzima wanaufanya siku moja. Maswali 180, dakika 180. Jibu sahihi alama nne, jibu baya unakatwa moja, kwa hiyo hata kubahatisha kuna hesabu yake. Watahiniwa zaidi ya milioni mbili wanagombea nafasi laki moja na ushei. (Laki ni yao, mdogo wangu, kama pesa na gari. Tumeyazoea mpaka tumesahau yametoka wapi.) Siku ya mtihani hakuna viatu vya kufunika, hakuna mikono mirefu, wanapekuliwa mlangoni kwa sababu ya wizi wa mitihani. Na pamoja na kupekuliwa kote huko, mwaka jana karatasi ilivuja Bihar na Jharkhand, watu wakakamatwa, vijana wakaandamana, na matokeo ya kwanza yalipotoka watahiniwa 67 walikuwa wamepata alama zote 720. Mahakama ya Juu ilikataa kuufuta mtihani wote. Nilimuuliza yule binti kama hilo halimvunji moyo. Akasema, "Wenye pesa wakinunua karatasi, mimi nina nini zaidi ya kusoma?" Kisha akafungua kitabu.

Wenye uwezo wanapeleka watoto wao Kota, Rajasthan, mji mzima wa tuisheni, na kuna vijana waliojiua huko kwa uzito wa mtihani. Yeye anasoma barazani kwao, taa moja, nyati wanapumua nyuma yake. Ila ana vitu viwili vinavyomsaidia. Kwanza Wasidi wa upande huu wanahesabiwa miongoni mwa makabila yanayotengewa nafasi vyuoni. Pili, na hili Baba lilinisimamisha, mtihani unafanywa kwa lugha 13, kwa hiyo mtoto wa Jambur anajibu habari za moyo na figo kwa Kigujarati. Udaktari wenyewe vyuoni bado unafundishwa zaidi kwa Kiingereza, lakini mlangoni hajaulizwa Kiingereza. Nikawakumbuka wenzangu wa Form Two waliokuwa na akili kuliko mimi, wakanyamazishwa na lugha ya karatasi. Kiswahili chetu kina wasemaji wengi kuliko Kigujarati. Tunangoja nini?

Pale kijijini nilioneshwa pia nyumba ya Hirbai Lobi. Yatima, hakupata shule, akajifunza kilimo kwa kusikiliza redio. Akawakusanya wanawake wenzake kwenye vikundi vya akiba, wakatengeneza mbolea ya mboji na kuiuza, na akasimamia shule ya chekechea ili watoto wasiachwe mashambani. Mwaka 2023 serikali ikampa nishani ya Padma Shri. Wasichana wa Jambur wakimtaja wanainua kichwa.

Mdogo wangu, kama mwishoni utaona hesabu ndiyo inayokupa raha kuliko baiolojia, usisahau kuwa tawi la IIT Madras, chuo kikubwa cha uhandisi cha huku India, liko Bweleo tangu 2023. Huku watoto wanasoma miaka miwili hata mitatu kugombea mlango wa IIT, na wewe unaufikia kwa daladala.

Mama, najua hofu yako. Ulisikia habari ya Machi 2024, wanafunzi wa kigeni walipovamiwa bwenini Ahmedabad wakiwa katika tarawehe. Sitakudanganya, ilitokea, na Ramadhani ile sisi tulisali vyumbani. Zipo siku mtu ananitazama dukani mpaka natoka. Na wapo kina mama wa Kihindu ghorofa ya chini ambao nilipougua waliniletea kichidi ya moto (wali uliopikwa na dengu) mara mbili kwa siku na kunifulia shuka. Yote mawili ni kweli, na kila siku naishi kati yake. Usiku sitembei peke yangu.

Baba, uliuliza kuhusu sheria ya wakfu. Ilipita Aprili mwaka huu. Kilio kikubwa ni misikiti na makaburi ya zamani ambayo hayana karatasi, yalijulikana kuwa wakfu kwa vile watu wameyatumia miaka na miaka. Sasa njia hiyo imefungwa kwa wakfu mpya. Serikali inasema inaondoa wizi wa mali za wakfu, na wizi kweli ulikuwepo. Mwezi Septemba Mahakama ya Juu ilisimamisha baadhi ya vifungu, kikiwamo kile kilichotaka anayeweka wakfu awe ameshika Uislamu kwa miaka mitano. Kila wakfu inatakiwa iingizwe kwenye mtandao wa serikali, na muda unakwisha Desemba. Ijumaa iliyopita msikitini nilimwona mzee ana mfuko wa plastiki umejaa hati za Kiurdu, anatafuta kijana wa kumpigia picha.

Bibi, nakurudia wewe. Wazee wa Jambur wananidai. Niliwaambia bibi yangu anapiga msondo, wakataka kuusikia, na mie sina hata kipande kwenye simu. Naomba Ijumaa dada akija, akurekodi. Yale maneno ya unyago yaache, ni ya ndani, nayajua mipaka. Piga mdundo peke yake, dakika tano zinatosha, na mlango ufungwe ili gari zisisikike. Yule mzee aliyecheka mpaka akakohoa amesema ataujibu.

Wasalaam,
Mjukuu wako na mwanenu