Barua kwa fundi anayesuka mota ya gari la kupanda mawe

Salt Lake City, Utah

Kwako kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mabatini, Mwanza, wewe, shemeji na vijana wote wa karakana. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu, hasa baada ya ule ujumbe wako wa sauti uliojaa vicheko: eti miaka yote hiyo umesuka mota za pampu na amecha (ile sehemu ya ndani inayozunguka) za stata za magari, leo kijana anakuletea mota ya gari la rimoti inayoingia mfukoni. Mpokee, kaka, na kazi yake usiifanye juu juu. Vidude hivi vina wenyewe, na wenyewe wanaujua mkono wa fundi.

Kwanza tambua gari lenyewe linataka nini, kwa sababu halifanani na yale ya kukimbizana. Hili hupanda mawe. Kutoka mota hadi tairi, gia hupunguza mzunguko kama mara 40, tairi ni laini, na mwenye gari hulifuata nyuma kwa miguu bila haraka yoyote. Huku watu huyapeleka Moab, kusini-mashariki mwa jimbo hili, kwenye mawe mekundu ya mchanga. Mpira unayanata mawe yale vibaya sana, na hapo ndipo mota inapoteseka: gari likikwama tairi halitelezi, basi mzigo wote unarudi kwenye amecha iliyosimama. Ampea zinapanda, na upepo wa kuipoza hakuna. Matale ya Capri Point hapo kwenu yakiwa makavu yatafanya vivyo hivyo, kwa hiyo sishangai kwamba ya kijana imekufikia ikinuka.

Ile 35T iliyoandikwa kwenye kopo la mota ni raundi 35 za waya kwa kila jino la amecha. Meno matatu, koili tatu, vipande vitatu vya komyuteta, ile silinda ya shaba inayopokea umeme. Mwisho wa koili moja na mwanzo wa inayofuata vinakutana kwenye kipande kimoja. Ni ule muunganisho wa delta, wa pembetatu, unaujua. Gari la mawe la Axial SCX10 II, lililotoka mwaka 2016, lilikuja na mota ya 35T. Traxxas TRX-4 ya 2017 ina 21T, lakini kopo lake ni refu zaidi, lile linaloitwa 550. Ya kijana kwa vipimo ulivyonipa ni 540, kopo fupi, kipenyo kama milimita 36.

Ukaniuliza tena: nikiongeza raundi, gari litapata nguvu zaidi? Muulize mtu yeyote wa mchezo huu atakuitikia ndiyo kabla hujamaliza swali. Mimi silikubali hilo, na wewe ukipiga hesabu hutalikubali. Nafasi kati ya meno ni ileile. Ukitoka raundi 35 kwenda 45, waya lazima uwe mwembamba zaidi, na pia umekuwa mrefu zaidi, kwa hiyo ukinzani unapanda kwa sababu mbili kwa mkupuo: 45 gawanya kwa 35, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata kama 1.65. Ni kweli kila ampea moja sasa inasukuma zaidi, kwa karibu asilimia 29. Lakini kwa betri ileile, ampea zinazoweza kupita mota ikiwa imesimama zimepungua kwa karibu asilimia 40. Ukilinganisha joto ndiyo kabisa: msukumo uleule unazaa joto lilelile, uwe umesuka 35 au 45.

Raundi zinachagua spidi kwa betri uliyonayo, basi. Nguvu inatoka kwenye sumaku na kwenye wingi wa shaba uliyoweza kuibana katika nafasi ile. Mashine ya kiwandani inasuka haraka na kuacha mapengo. Wewe unapanga waya mmoja ubavuni mwa mwingine. Ndiyo maana nasema kijana amefika kwa mtu sahihi.

Kwa hiyo mwulize anatumia betri gani. Kama ni seli mbili, volti 7.4, msukie 35 kama ilivyokuwa. Kama amehamia seli tatu, volti 11.1, raundi 52 hivi zitampa spidi ileile aliyoizoea, na spidi kontrola yake, kile kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye mota, itapumua kwa sababu ampea zitashuka. Unene wa waya uukadirie hivi: mota za daraja la kawaida kwenye mashindano ya zamani ya Marekani zilikuwa raundi 27 za waya wa geji 22, yaani milimita 0.64. Kwa shaba ileile, raundi 35 zinataka kama milimita 0.57, na 52 kama 0.46. Ukivuta vizuri nadhani utaingiza hata 0.6 kwenye ile ya 35. Tumia waya mpya wenye vanishi ya kuhimili nyuzi 180. Hizo nyaya za transfoma kuukuu zilizoko chini ya meza yako ziache hapohapo.

Waya wa zamani usiutoe kwa moto. Najua kwenye statari za pampu, zile koili zisizozunguka, unachoma kwanza ndipo unavuta, lakini hapa komyuteta imeshikwa na plastiki, na vile vibati vya amecha vimepakwa rangi inayozuia shoti. Kata vichwa vya koili upande mmoja kwa wembe na koleo, kisha vuta kipande kipande. Rangi ikichubuka kwenye kona za jino, paka epoksi nyembamba uiache ikauke kabla ya kusuka. Koili zote tatu zizungushwe upande mmoja. Kwenye ndoano za komyuteta kwangua vanishi mpaka shaba ing'ae, na usitumie risasi ya kulehemu ya kawaida, maana yenyewe inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 na mota iliyokwama inaweza kulikaribia joto hilo; risasi ikilainika, inarushwa kopo zima. Tafuta ile ya joto la juu.

Mita yako ya kawaida haitakusaidia kupima, koili hizi zina ukinzani mdogo mno. Pitisha ampea 1 kutoka kwenye pawa saplai kati ya vipande viwili vya komyuteta, kisha soma milivolti papo hapo juu ya shaba. Rudia kwa jozi zote tatu. Zikilingana, umesuka sawa. Moja ikiwa chini kuliko wenzake, kuna raundi zinagusana humo ndani. Ukiridhika, paka epoksi juu ya koili.

Kuna amecha za meno matano pia, na kama kijana yuko tayari kulipia, mimi ningemshauri achukue hiyo. Chukua mota ya meno matatu mkononi uizungushe shafti kwa vidole: utahisi inashika na kuachia, mara sita kwa mzunguko mmoja. Huo mshiko wa sumaku ndio adui mkubwa wa gari la mawe, kwa sababu dereva akigusa rimoti kidogo mota inakaa kimya, akiongeza inaruka ghafla, na gari linapinduka. Yenye meno matano inashika mara kumi, ila kila mshiko ni dhaifu, inaanza kuzunguka kama imepakwa mafuta. Kusuka kwake ni tofauti, kila koili inakumbatia meno mawili, kwa hiyo namba za raundi usizilinganishe na za meno matatu. Mota nzuri ya kupanda mawe naipima kwa ule nusu mzunguko wa kwanza tu. Spidi ya juu sijawahi hata kuiuliza.

Komyuteta ikishapata joto la kulehemu haibaki duara. Ipitishe kwenye leti ndogo yenye ncha kali, ukitoa kiasi kidogo sana kila mara, kisha safisha mifereji kwa wembe, kwani unyuzi mmoja wa shaba ukibaki mle ni shoti. Msasa usiutumie, unaacha mchanga unaotafuna kaboni, vile vipande vinavyogusa komyuteta na kuipa umeme. Kaboni zenyewe ziko za aina mbili kwa mazoea ya huku: zenye fedha ndani, zinazopitisha umeme vizuri lakini zinaisha haraka na kuchafua, na zile ngumu zinazodumu. Kijana wa Mwanza, asiye na duka la vipuri karibu, mpe ngumu. Springi iwe imara, maana gari linadundadunda, na kaboni ikiinuka hata kidogo inachora moto kwenye shaba.

Halafu taiming, yaani pembe ambayo kaboni zimegeuzwa kuhusiana na sumaku, na hapa usikubali kubishana na mtu. Zile mota za mashindano nilizozitaja zilifungwa nyuzi 24 mbele, kwa sababu zilikimbia upande mmoja tu. Gari la mawe linarudi nyuma karibu mara nyingi kama linavyoenda mbele. Weka sifuri. Legeza mfuniko wa kaboni, iwashe kwa volti 3 bila mzigo, soma ampea, geuza nyaya, soma tena. Zungusha mfuniko kidogo kidogo mpaka pande zote mbili zilingane, kisha kaza. Mfuniko wake kama umebanwa kwa bati lililokunjwa usiozunguka, mwambie anunue kopo lingine.

Kabla ya yote hayo lakini, kagua sumaku. Sumaku ikidhoofika mota inakimbia zaidi ikiwa haina mzigo, na inakula ampea nyingi. Watu hufurahi wakiona hivyo, wanadhani imefunguka. Breki yake nayo inakufa: spidi kontrola hushikilia gari kwenye mteremko kwa kuunganisha nyaya mbili za mota, na sumaku ikiwa hafifu gari linaserereka taratibu mpaka chini. Ikiwa hivyo, kusuka upya ni kupoteza waya.

Bushi weka tone moja la mafuta, acha uwazi wa robo milimita kwa wosha, rudishia kapasita zake. Hayo unayajua. Mwisho izungushe kwa volti 2 au 3 bila mzigo mpaka uso wa kaboni uwe umekaa vizuri; kuna wanaoichovya kwenye maji safi ili iende haraka, nami sioni ubaya ukiikausha na kuitia mafuta mara moja.

Huku wengi wamehamia mota zisizo na kaboni, na kusema ukweli zile zenye sensa ni nzuri. Bei yake tu ndiyo inayonifanya nisimshauri kijana.

Nitumie vipimo viwili: milivolti za zile jozi tatu, na ampea za pande zote mbili baada ya kufunga mfuniko. Nami naendelea kuulizia amecha tupu za meno matano; zikipatikana nitampa binamu yetu anayekuja likizo, akuletee pamoja na kaboni. Bei umtoze ya haki, usimfanyie ya stata ya Fuso.

Msalimie mama sana, mwambie nitapiga simu Jumapili.

Nduguyo wa huku kwenye mawe mekundu