Undugu wa Kikechua na Kiaymara bado ni dhana

Mhariri,

Makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu lugha za milima ya Andes, Amerika Kusini, ilieleza, bila tahadhari yoyote, kwamba Kikechua na Kiaymara ni lugha ndugu zilizotokana na lugha mama moja. Dhana hiyo, ambayo wataalamu huiita Kechumara, ni ya kuheshimiwa, lakini haijathibitishwa, na naomba nafasi nieleze kwa nini wanaisimu wengi wanasita kuikubali.

Kinachowavutia watu kwanza ni namna ya kuhesabu. Kikechua cha kusini husema huk, iskay, kimsa, tawa, pichqa, suqta. Kiaymara husema maya, paya, kimsa, pusi, phisqa, suxta. Tatu ni ileile, tano na sita karibu zilingane, na kumi ni chunka upande mmoja na tunka upande wa pili, lakini moja, mbili na nne hazikaribiani hata kidogo. Sisi tunaosema sita, saba na tisa kwa maneno yenye asili ya Kiarabu, huku moja, mbili na tatu zikibaki za Kibantu, hatuna sababu ya kushangazwa na hesabu ya namna hiyo.

Ajabu ni kwamba kufanana huko kupita kiasi ndiko hasa kunakotia shaka. Lugha zilizotengana kwa maelfu ya miaka hubadilisha sauti zake, kila moja kwa njia yake, hata maneno ya urithi yakawa yanalingana kwa kanuni ilhali sura zake zimeachana. Hapa hali ni kinyume. Msamiati wa pamoja, ambao hukadiriwa kuwa moja ya tano au zaidi, mara nyingi unakaribia kuwa sawa herufi kwa herufi, kisha ukiuondoa huo, yaliyobaki hayaonyeshi ulinganifu wa wazi: mkono ni maki kwa Kikechua na ampara kwa Kiaymara, mdomo ni simi na laka, sikio ni rinri na jinchu.

Hoja ya sauti ni nzito zaidi. Mwaka 1968 wanaisimu Carolyn Orr na Robert Longacre walichapisha jaribio la kuiunda upya lugha mama hiyo, wakizihesabu sauti zifuatazo kuwa urithi wake. Kikechua cha Cuzco, kusini mwa Peru, hutofautisha tanta (mkusanyiko), thanta (kilichochakaa) na t'anta (mkate), yaani t ya kawaida, t yenye mpumuo, na t inayotamkwa koo likiwa limefungwa kisha ikaachiwa kwa mlio mkavu. Kiaymara kina safu hiyohiyo ya sauti. Lakini ukifika Ayacucho, eneo jingine la Peru, mkate ni tanta tu, na lahaja za Kikechua za Peru ya kati hazina tofauti hizo kabisa. Kwa kuwa sauti hizi zimestawi pale ambapo Kikechua kilikutana na Kiaymara, wengi wanaona, nami nakubaliana nao, kwamba ni rahisi zaidi kuamini kuwa ziliazimwa. Mwanaisimu Lyle Campbell aliichambua dhana hii kwa kina mwaka 1995, lakini kwa maoni yangu mzigo wa ushahidi bado uko kwa wanaoitetea.

Mwandishi wenu alitaja pia sarufi: viambishi tamati vingi (vipande vinavyobandikwa mwishoni mwa neno) na kitenzi mwishoni mwa sentensi. Sifa hizo zinapatikana katika lugha nyingi duniani zisizohusiana, na huenea kirahisi baina ya majirani. Ujirani wenyewe una alama hadi leo, kwani Kijaqaru, lugha ya ukoo wa Kiaymara, bado kinazungumzwa Tupe, katika milima ya Yauyos nchini Peru, mbali kaskazini mwa Ziwa Titicaca ambako Kiaymara huzungumzwa leo, na karibu na maeneo ambako wataalamu wengi wanaweka chimbuko la Kikechua. Mwanaisimu Willem Adelaar ameonyesha kwamba mwingiliano huo ni wa zamani sana, kiasi cha kuzigusa lugha mama zote mbili kabla hazijagawanyika. (Joseph Greenberg, mwaka 1987, alikwenda mbali zaidi na kuziweka lugha zote za asili za Amerika Kusini katika ukoo mmoja, lakini wanaokubaliana naye ni wachache, nami siingii huko.)

Sikatai kwamba undugu wa mbali unaweza kuwapo. Ukiwapo, utadhihirika katika maneno ya msingi yasiyofanana kwa sura lakini yanayolingana kwa kanuni, baada ya mikopo yote kuchujwa. Kazi hiyo haijakamilika, kwa hiyo ningeomba makala yenu ijayo iandike "dhana ya undugu" pale ilipoandikwa "undugu".

Msomaji wenu