Saa mpya za mwezi huu

Assalaam alaykum wapenzi wa saa. Picha zenu nimezipitia zote, mashaallah. Ile Seiko 5 ya zamani imenikaa moyoni: uso umeingia umanjano kidogo pembeni, akrabu bado zinang'aa, na kitufe cha kurekebishia majira kipo kwenye 4, pale sisi tunaposoma saa kumi. Seiko 5 zilianza 1963, nazo hujijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono. Mwenye nayo, tafadhali usiusugue huo uso!

Casio F-91W mpya nayo nimeiona. Umbo lile ni la tangu 1989.

Wenye saa kongwe msiogelee nazo, maji ya chumvi hayana huruma. Jumapili baada ya alasiri tukutane Forodhani, kila mtu na saa yake mkononi.