Upendeleo wa vyombo vya habari upimwe kwa uangalifu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie suala linalozuka hapa Pemba kila uchaguzi unapokaribia: gazeti gani au redio gani inakipendelea chama gani.

Mwaka 2005 wasomi wawili wa Marekani, Tim Groseclose na Jeffrey Milyo, walichapisha utafiti juu ya suala hilo nchini mwao. Walihesabu ni mara ngapi kila chombo cha habari kilizinukuu taasisi za utafiti na jumuiya za utetezi, kisha wakalinganisha na jinsi wabunge wa Congress walivyozinukuu katika hotuba zao; tahariri na barua za wasomaji hawakuzihesabu. Walihitimisha kwamba vyombo vingi walivyovichunguza vimeelemea mrengo wa kushoto.

Hitimisho hilo lilizua ubishi mkubwa, na mimi naona sababu ya kulitilia shaka imo ndani ya hesabu yenyewe. ACLU, jumuiya ya kutetea uhuru wa raia ambayo Wamarekani wengi huiona kuwa ya mrengo wa kushoto, katika kipimo chao ilionekana imeegemea kulia kidogo. Watafiti wenyewe walieleza kwamba jumuiya hiyo iliupinga mswada wa McCain-Feingold wa kudhibiti fedha za kampeni, na Seneta Mitch McConnell wa chama cha Republican, cha mrengo wa kulia, aliyekuwa mstari wa mbele kuupinga, akawa anainukuu mara kwa mara.

Pamoja na kasoro hiyo, kuhesabu ni bora kuliko kushutumiana, na ningefurahi kuona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakiifanya kazi hii kwa vyombo vyetu. Ila wasiishie kwenye idadi ya majina. Sheha wa Micheweni anaweza kunukuliwa kila wiki kwa kuwa ndiye anayepatikana, wala si kwa sababu mwandishi ana chama. Waulize pia ni nani aliyetoa gari na posho ya mwandishi siku ya mkutano wa kampeni, kwani hapo ndipo fedha na habari zinapokutana, kisha majibu wayalinganishe na taarifa za matumizi ambazo Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inavitaka vyama na wagombea waziwasilishe. Wahariri nao nawaomba wasiwafungie milango wanafunzi watakaokuja na maswali hayo.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba