Salamu za Krismasi kwako uliyepunguzwa kazini

Heri ya Krismasi kwenu nyote, kutoka Kayole hadi Kangemi, na hasa kwako uliyekabidhiwa barua kabla mwaka haujafunga. Desemba ya Nairobi tunaijua: nauli ya kwenda mashambani imepanda, shangazi anapiga simu kuuliza mnafika lini, na Januari imeshakaa mlangoni ikisubiri karo.

Katika Mathayo 20 kuna watu waliosimama sokoni hadi saa kumi na moja. Walipoulizwa mbona wamekaa bure kutwa, walisema hakuna aliyewaajiri. Basi. Mwenye shamba hakuwahoji zaidi, wala hakuwaita wavivu. Aliwapeleka kazini, na jioni akawalipa dinari sawa na wenzao. Ukipita Industrial Area alfajiri utawakuta watu wa namna hiyo mbele ya mageti. Kukosa mwajiri si dhambi ya kutubu, na anayekwambia ni laana usimpe nafasi ya kukuombea.

La kwanza ni kusema nyumbani, tena kabla ya kusafiri. Wengi huvaa asubuhi, hupanda matatu hadi mjini na kushinda Uhuru Park au maktabani, kisha hurudi jioni kana kwamba wametoka kazini. Siri hiyo hula nauli na chakula cha mchana kila siku. Mbaya zaidi, mke au mume anaendelea kununua kwa hesabu ya mshahara ambao haupo. Waambieni watoto pia, kwa maneno machache: mwaka huu hakuna nguo mpya, na sababu ni hii. Wataelewa kuliko unavyodhani.

Kisha barua. Ikiwa umepunguzwa kwa sababu nafasi yako imeondolewa, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inakupa notisi ya angalau mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, siku za likizo ambazo hukuchukua zilipwe pesa taslimu, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Aliyelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi, akatumika miaka 6 na miezi 8, huhesabiwa miaka 6: siku 15 ni shilingi 20,000, jumla 120,000. Miezi 8 ile haihesabiwi. Dai pia cheti cha utumishi, ni haki yako. Panapoharibika ni kwenye meza ya kutia sahihi. Unawekewa karatasi inayosema huna madai tena, na kwa kuwa Krismasi imekaribia na mfuko ni mtupu, unasaini bila kusoma. Sahihi hiyo inaweza kukufunga baadaye. Omba nakala, lala nayo usiku mmoja, na hesabu zisipolingana mwone afisa wa kazi. Kesi ya ajira ina muda wa miaka 3, lakini usingoje huko. Karatasi hupotea na mashahidi huhama.

Pesa ikiingia, igawe siku hiyohiyo kabla haijazoea simu yako. Weka kando kodi ya nyumba ya miezi 3, karo ya muhula wa kwanza, halafu unga na mafuta ya kupikia. Nenda kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe 5, si baada ya kufuli kuonekana mlangoni. Kwenye Sacco omba mkopo wako upangwe upya, maana ukinyamaza watakatwa wadhamini wako, na hao ndio ungewategemea kesho. Mikopo ya simu iache kabisa: riba ya wiki mbili hailipwi na mtu asiye na mshahara. Bima ya afya ya serikali, SHA, nayo: makato ya 2.75% yalikoma pamoja na mshahara, kwa hiyo badilisha hali yako kuwa mtu asiye na mwajiri ujue mchango wa mwaka unaotakiwa. Mtoto huugua bila kuuliza.

Kuhusu sadaka tuseme wazi, ingawa wapo watakaokunja uso. Usitoe malipo yako ya mwisho yote kama mbegu ya muujiza. Luka 2 inaonyesha Mariamu na Yusufu wakipeleka hekaluni ndege wawili, sadaka iliyoruhusiwa kwa asiyemudu mwanakondoo. Sheria ya Mungu yenyewe ilikuwa imempangia maskini kiwango chake.

Na ukishindwa kuomba? Eliya alipochoka hadi kutaka kufa, malaika alimwamsha mara mbili ale mkate na anywe maji. Safari ilikuja baadaye. Kula, lala, tembea, na usikae peke yako na mawazo ya kujidhuru: mwambie mtu usiku huohuo.

Nanyi mliobaki kazini, mkimtembelea ndugu huyu msianze na “umepata?” Angepata, angewaambia. Bebeni kilo 2 za unga wa ngano na mafuta, mkande pamoja jikoni kwake, mle chapati zikiwa moto. Mkiondoka mwachieni zilizobaki kwenye sufuria, zimefunikwa kitambaa, na mumwombe wasifu wake mpeleke mkononi mahali mnapojua. Krismasi njema.