Mwandikie Tena Yule Kijana

Tanga, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mama goti limepata nafuu na anakuulizia kila siku. Juzi ulipokata simu nilibaki na jambo moyoni ambalo kwenye meseji lisingeenea, ndiyo maana nimeamua kukaa chini nikuandikie.

Uliniambia yule kijana alikutumia gemu yake, ile ya msichana anayepotea sokoni usiku. Ukaicheza. Usiku wa pili ukakwama, ukazunguka vibanda vilevile dakika kumi nzima, ukaifunga. Kisha ukamjibu: "Iko vizuri sana, hongera." Nilipokuuliza kwa nini hukumwambia ulivyokwama, ukasema hukutaka kumvunja moyo, na tena wewe si mtaalamu wa mambo hayo.

Naomba umwandikie tena. Utaalamu unaosema huna, hauhitajiki kabisa, na nitakueleza nilivyolijua hilo.

Unaikumbuka gemu yangu ya mtumbwi? Unatoka kisiwani, unatakiwa ufike pwani kabla maji hayajakupwa. Yakikupwa, umekwama mchangani. Chini pembeni, upande wa kulia, niliweka kipimo cha maji, mstari wa buluu unaoshuka taratibu. Niliwatumia watu tisa. Karibu wote wakanijibu ni ngumu mno, na kila mmoja akanipa na dawa yake: punguza kasi ya maji, ongeza mwendo wa mtumbwi, mpe mchezaji nafasi tatu. Nikapunguza kasi ya maji. Nikaongeza nafasi. Malalamiko yakabaki palepale, na wawili waliokuwa wakiipenda wakaniambia sasa imepooza.

Ikaja Ramadhani. Jioni moja baada ya kufuturu, mpwa wangu akachukua simu ya mama yake akaicheza pale kwenye mkeka. Nikakaa nyuma yake, nimejilazimisha kunyamaza. Simu kaishika kwa mikono miwili, anapiga kasia kwa kidole gumba cha kulia. Na kile kidole, swahiba, kilikuwa kimelala juu ya kipimo cha maji! Hakukiona hata mara moja. Akakwama mchangani mara nne, ya nne akanigeukia: "Mjomba, sasa nitajuaje maji yanaisha saa ngapi?" Mdomo uliniwasha nimwonyeshe, nikauzuia, maana sitakuwa sebuleni kwa kila atakayeicheza. Miezi miwili nilikuwa natibu kasi ya maji, kumbe ugonjwa ulikuwa kidole gumba.

Wale tisa hawakunidanganya. Ugumu waliuona kweli. Ila waliruka kilichowapata, wakaenda moja kwa moja kwenye dawa. Angetokea mmoja tu akaniandikia "nilikuwa sijui maji yamebaki kiasi gani," ningelijua tatizo siku ileile.

Sasa wewe tayari unayo maneno anayoyahitaji, kwa sababu uliniambia mimi kwenye simu. Mwandikie hivyohivyo: ulipopata ufunguo ulidhani ni wa kibanda cha samaki kwa kuwa ndicho pekee chenye taa, ukajaribu mara tatu, haukufungua, ukazunguka dakika kumi, ukachoka. Basi. Usimwambie aondoe ile taa wala aweke mshale. Yeye ndiye anayejua kwa nini aliiweka taa pale, na huenda dawa iko mahali ambapo mimi na wewe hatupajui. Asichoweza tena ni kuingia sokoni mle kama mgeni. Vibanda vyote kavijenga mwenyewe. Ugeni huo unao wewe, na unao mara moja tu, kwa hiyo andika kabla hujasahau. Mtajie na aina ya simu yako, na kama iliganda popote, sema ulikuwa umebonyeza nini kabla haijaganda.

Halafu umtajie ile mvua. Uliniambia mvua inapopiga kwenye mabati ulipandisha sauti ukasimama tu unasikiliza. "Hongera" haimwambii hilo. Mtu anayerekebisha gemu anakata na kupunguza kila siku, na kitu ambacho hakuna aliyekitaja ndicho cha kwanza kutupwa. Wale wawili wangu waliipenda kasi ya maji, lakini waliniambia baada ya mimi kuiondoa.

Kuvunjika moyo naelewa. Lakini tazama wakubwa wa kazi hii. Supergiant, wale watengeneza gemu wa Marekani, walianza kuiuza gemu yao ya Hades Desemba 2018 wakisema wazi haijakamilika, wakaendelea kuirekebisha huku wanasoma wachezaji wanasema nini, hadi wakatangaza imekamilika Septemba 2020. Karibu miaka miwili, na hao walikuwa tayari wametoa gemu tatu zilizosifiwa. Au Celeste, ya kupanda mlima, iliyotoka Januari 2018. Ina sehemu ya msaada, mchezaji anaweza kupunguza mwendo wa gemu au kujiongezea nguvu. Baadaye waliyabadilisha maelezo ya sehemu hiyo, kwa sababu kuna wachezaji waliosema yalivyoandikwa yanamfanya anayehitaji msaada aonekane kama haichezi gemu yenyewe. Yalikuwa maneno machache tu kwenye kioo. Mtu aliyasoma, yakamuuma, akasema, yakaandikwa upya. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote.

Na kijana wako anasema ataiweka Steam, lile duka la gemu la mtandaoni. Kule mnunuzi ambaye hajacheza saa mbili, na siku 14 hazijapita, anarudishiwa pesa yake akiomba. Mgeni atakayezunguka vibanda dakika kumi hatamwandikia barua. Atachukua pesa yake aende zake. Kule maoni ni dole gumba juu au chini na maneno kidogo, na mpaka yafike 10 gemu haioneshi hata alama. Tena wewe, kwa kuwa alikupa bure, hata ukimwekea dole juu halitaingia kwenye alama. Kwa hiyo msaada wako uko sasa hivi, wakati bado anaweza kuusogeza mlango.

Mimi kipimo cha maji nimekihamishia juu, katikati. Lakini wewe unatumia mkono wa kushoto, na bado sijapata mtu wa mkono wa kushoto wa kuijaribu. Nimekutumia faili, ni zito kidogo, usilimalizie bando, subiri ufike penye Wi-Fi. Nimeongeza kisiwa cha pili na sikuambii chochote kuhusu hicho. Ukikwama usinipigie kuniuliza. Niandikie ulikuwa wapi, ulidhani ufanye nini, na kikatokea nini.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi,
swahiba wako