Kwa swahiba wangu wa Buyenzi, Bujumbura

Kigoma, Mwanga

Swahiba,

Habari za siku nyingi? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, bado anakuita mwanangu wa Buyenzi.

Juzi nimemaliza kusoma Petit Pays, kile kitabu cha Gaël Faye cha mwaka 2016. Anayesimulia ni Gabriel, mtoto wa Bujumbura, baba Mfaransa, mama Mtutsi aliyekimbia Rwanda. Mwanzoni kabisa anamwuliza baba yake kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Nchi moja, lugha moja, Mungu mmoja, sasa vita vya nini? Baba anakwama, anasema pua zao hazifanani. Basi watoto wakienda mjini kazi ni kuchunguza pua za watu.

Hapo nikafunga kitabu. Nilikukumbuka ulivyoletwa darasani kwetu baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa, Oktoba 1993. Kiswahili chako tulikielewa vizuri, lakini mapumziko yalipofika tulikuzunguka chini ya mwembe: sema, wewe Mhutu au Mtutsi? Mimi ndiye niliyekushika kidevu nikakugeuza uso nione pua. Hukujibu. Ulikuwa unatazama kandambili zako, moja imeshonwa kwa waya. Hatujalizungumza hata siku moja, nami nikajipa moyo kwamba umesahau. Nisamehe, ndugu yangu.

Gabriel naye hataki upande. Anataka abaki na wenzake kichochoroni kwao wakiiba maembe, na wenzake haohao ndio wanaomsukuma achague.

Lakini kilichoninyima usingizi ni mama yake. Anakwenda Rwanda kutafuta ndugu zake, anakuta watoto wa jamaa yake mmoja wameuawa, anabaki kusugua madoa ya damu sakafuni na hayatoki. Akirudi Bujumbura anamwamsha binti yake mdogo usiku wa manane amsimulie. Mtoto anabebeshwa maiti asizoziona. Watu wanakisifu kitabu kwa utamu wa lugha. Mimi naona kurasa hizo chache ndizo kitabu chenyewe. Nikawaza, marehemu mama yako, naye alikuwa akikuamsha? Maana ulipolala kwetu, kabla ya adhana ulikuwa umeshakaa mlangoni, umejifunga shuka, unatazama ziwa.

Kitabu nimempa jirani anayekuja huko Bujumbura Jumamosi. Usiposoma, si kitu. Ila niandikie, hata kama ni habari za mtaa wenu tu, nyumba ipi ilikuwa yenu na nani anaishi humo sasa.

Ni mimi,
rafiki yako wa Mwanga